Sema Sababu

Shemeji yangu Tove aliingia jikoni kwetu bila kupiga hodi, kofia ya baiskeli bado kichwani, akamkabili mke wangu.

"Nani amewapa watu wa kiwanda cha samaki namba yangu?"

Grethe aliendelea kukata mkate mweusi. "Mimi. Nimekuombea kazi. Wanatafuta mpishi wa kantini. Wamekuita kwenye usaili, si ndiyo? Sema ahsante."

Tove alianza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, nami nikajua siku yetu imeharibika.

Alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba ya wazee hapa Frederikshavn, kaskazini mwa Denmark, mpaka halmashauri ilipolifunga jiko lile na kuanza kuleta chakula kwa lori, kimefungwa kwenye sahani za plastiki. Mwanzoni aliomba kazi kila mahali. Wengi hawakumjibu. Waliojibu walisema wamempata anayefaa zaidi, maneno yaleyale, kana kwamba wote wamefundishwa na mwalimu mmoja. Kisha hoteli moja ikamwita. Bosi wa pale, kijana wa ndevu zilizochanwa vizuri, akamtazama kuanzia viatu mpaka mvi, akacheka. "Jikoni kwetu tunakimbia, mama."

Baada ya hapo Tove hakuomba tena. Alituambia anaomba; hata ofisi ya ajira aliidanganya hivyo hivyo. Lakini nikipita kwake nilimkuta mbele ya kompyuta, kahawa imepoa, mikono ameikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

"Umewaandikia kwamba mimi ni mchangamfu," alisema sasa. "Mwanamke wa kule amenisomea kwenye simu. Lini umeniona mchangamfu?"

"Ulikuwa, zamani."

"Umeninadi kama gari bovu lililopakwa rangi."

"Ulitaka nifanye nini? Nikutazame unavyoozea ndani?" Grethe alikibwaga kisu mezani. "Unaogopa, Tove. Mtu mmoja amekucheka, ukajizika mzima."

Nilitamani niwe popote pengine.

"Nitakwenda," Tove alisema hatimaye, sauti imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Maombi yale si yangu, ni yako. Wakikataa, watakuwa wamemkataa huyo mchangamfu wako. Mimi hawanijui."

Nilimpeleka kwa gari, na yaliyotokea ndani alinisimulia tukirudi. Bosi aliitwa Henning. Alimuuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo. Tove akamjibu, "Jikoni. Mkilifunga, basi kwingine." Henning akatabasamu kwa shida, akasema timu yao ni ya vijana.

"Unamaanisha nini?"

"Sina maana mbaya."

"Basi niambie hiyo nzuri."

Henning akavuta glasi. Alikunywa maji.

Henning alipiga simu siku chache baadaye, Tove akiwa kwetu. Shemeji aliiweka simu mezani katikati ya samaki wa heringi na siagi, sauti wazi, tusikie sote. Wamempata anayefaa zaidi.

"Anafaa zaidi kwa lipi?" Tove aliuliza.

"Anaendana na timu."

"Kwa hiyo mimi nimezeeka."

"Sijasema hivyo."

"Najua hujasema. Ndicho ninachokuambia. Sema sababu, Henning. Mimi mtu mzima, nitaimeza."

Tulimsikia akihema. Akasema samahani, akasema anaitwa kwenye kikao, akakata.

Grethe alinyoosha mkono kumshika dada yake, akidhani atalia. Tove akauondoa. Uso ulikuwa umewiva mpaka masikioni.

"Ni huyu?" alisema. "Mwaka mzima nimejificha, nimewadanganya ninyi, nimeshindwa kulala, kwa ajili ya watu kama huyu? Mmemsikia anavyotetemeka? Anatetemeka kuliko mimi."

Akaivuta kompyuta ya Grethe.

"Nikusaidie kuandika?" mke wangu aliuliza.

"Usiguse. Umeshasaidia vya kutosha."

Aliandika maombi mapya kwa vidole viwili, akigonga vitufe kama anayeponda nyama. Aliandika kwamba anajua kupikia watu wengi, kwamba hachelewi, na kwamba hana tabia ya kutabasamu bila sababu. Mkono ulisita juu ya kitufe cha kutuma. Kisha akabonyeza, akatukana, akaanza kuandika mengine.

Alikataliwa tena. Shule ilimkataa, hospitali ikamkataa. Kila mara aliumia, asikudanganye mtu, na kila mara aliwapigia akauliza sababu. Wengine walimkatia simu. Mama mmoja wa shuleni alimjibu kwa ukweli kwamba walitaka mwenye cheti cha vyakula vya watoto wenye mzio, na Tove akamshukuru, kwa sababu hiyo ilikuwa sababu.

Majira ya kuchipua, mpishi mkuu wa feri ya kwenda Gothenburg, Sweden, alimuuliza kwa nini maombi yake yana hasira.

"Kwa sababu nina hasira," alisema Tove.

"Na bahari ikichafuka unatapika?"

"Sijui. Tujaribu."

Alitapika safari ya kwanza. Yuko huko mpaka leo.

Grethe hajasamehewa. Jumapili iliyopita alithubutu kusema kwamba, mwisho wa yote, ni yeye aliyeanzisha. Tove aliweka uma chini, akamwambia asiandike tena jina lake mahali popote, hata kwenye kadi ya Krismasi. Bado walikuwa wanabishana nilipotoka nje na kahawa yangu.