Farasi Waliochanjwa Chale

Kitenge cha sare nimeshakata, yadi kumi na mbili. Mie na watoto tumeshapimwa. Fundi Hamida anasubiri kipimo cha baba mwenye nyumba tu, na huyo baba mwenye nyumba, Petro mume wangu, kakaa kwenye gogo lake hapa Pugu anachonga kwa tezo utadhani safari haimhusu.

"Nendeni nyie Jumamosi. Mie nina kazi."

"Kazi gani, Baba Rosalia? Usinichefue!"

Jamani, kwenye ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kukanyaga ile bustani kubwa ya michezo kule mbele ya Boko. Sie ndio wa kwanza. Na wale farasi wa mbao wa kuzunguka na watoto mgongoni, wote kumi na wawili, kachonga yeye!

Petro hajawahi kumwona farasi kwa macho, alipewa picha. Mwili akaupatia, kwato akazipatia. Alipofika usoni, mkono ukaenda kwao Newala: akawachanja chale mashavuni, kama wazee wake Wamakonde. Kwake yeye uso usio na chale haujaisha. Tena jike mmoja akamtia na ndonya kwenye mdomo wa juu, lile pambo alilokuwa akivaa marehemu bibi yake. Siku ya kuwapeleka, msimamizi aliwapokea getini, akawazunguka, akakuna kichwa, akasema, "Mh! Farasi gani hawa?" Hakuongeza neno. Tangu hapo Petro kajiaminisha kwamba wametupwa stoo.

Leo nilipombana sana, akaiweka tezo chini.

"Nikifika na watoto nisiwakute, Mama Rosalia, nitawaambia nini?"

Huruma ilinishika, halafu hasira. Nikachukua simu, nikapiga namba ya kwenye tangazo la bustani, nikaweka spika mbele yake.

"Samahani dada, hapo kwenu kuna farasi wa mbao?"

"Wapo, mama. Ila kama mnakuja Jumamosi, wahini. Kuna mmoja ana kidude mdomoni, huyo ana foleni yake peke yake. Watoto wanamgombania mpaka wanalia."

Petro akainua kichwa.

"Wenyewe wamempa jina," dada akacheka. "Wanamwita Bibi."

Rosalia wangu, ana miaka saba, akaruka. "Baba! Bibi yetu?"

"Ndiyo, bibi yetu," nikajibu mie. Nilijiona kichwa kinagusa bati kwa fahari. Ningekuwa na kipaza sauti ningeitangazia Pugu nzima.

Petro alijikung'uta vumbi la mbao mapajani, taratibu, bila kunitazama.

"Huyo fundi wako anafunga saa ngapi?"

"Yupo, anakusubiri wewe tu."

"Mwambie shati langu aliwekee kola," akasema, akisimama. "Siwezi kwenda mbele ya bibi nimevaa hovyo."