Bloku ya Njau

Simu ilipolia, Ngendo alikuwa amekaa barazani kwa binti yake Wangechi, huko Ruiru, anafuma sweta ya shule. Mumewe Njau alikuwa kando yake anaota jua, miguu imefunikwa shuka. Kansa ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa, na ile dawa ya kwanza haikuwa inamsaidia tena.

"Shosho, ni Dorine, daktari wa guka, mzee wako. Tunahitaji bloku yake."

"Bloku?" Ngendo alishangaa. "Daktari, sisi hatujengi."

Dorine alicheka, kisha akamweleza polepole. Kansa ya tezi dume si ugonjwa mmoja, ina aina zake. Ndani ya kila seli kuna jeni, ndizo maagizo ya mwili. Kwa wanaume wengine jeni mbili zilizokuwa zimekaa kila moja mahali pake hukatika zikaungana, na ile iliyokuwa imetulia ikaamka, ikaanza kuikuza kansa. Kwa wengine muungano huo haupo, imeharibika jeni nyingine kabisa.

"Ni kama mtu aunge mkono wa sweta kwenye shingo?"

"Hapo hapo, shosho! Sasa kuna dawa mpya tunaijaribu, lakini inataka wagonjwa wa aina moja tu. Kama guka ni wa aina hiyo, ataingia. Bloku ndiyo itatuambia. Ni ile nyama aliyotolewa mara ya kwanza, ikawekwa ndani ya nta. Faili inasema mlipewa mkae nayo."

Mikono ya Ngendo ilisimama. Sasa alijua bloku ni nini.

Miaka minne nyuma, wakiwa bado wamepanga Kiandutu, kule Thika, hospitali ilimpa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kijisanduku cha plastiki, kidogo kushinda kiberiti, kimejaa nta, na ndani ya nta vinyuzi vyeupe vya nyama. "Tunza hii," karani alimwambia, akaita mtu mwingine. Basi.

Ngendo aliilalia ile bahasha siku tatu chini ya godoro, na usingizi ukamkataa. Nyama ya mtu aliye hai inakaaje kwenye bahasha? Vitovu vya watoto wake wote alivizika penye mgomba, na watoto wakakua. Akachimba nyuma ya nyumba, kando ya mgomba, akakifukia kile kijisanduku na kuomba. Moyoni aliona ametunza.

Njau alipomuuliza, "Mama Wangechi, ile bahasha iko?" alijibu, "Iko." Neno moja tu. Hilo ndilo lililomchoma sasa, kuliko hata lile shimo.

Kesho yake asubuhi alimwambia Wangechi anaenda kununua uzi. Akaenda Thika, na kijembe kimefungwa ndani ya leso. Njia za Kiandutu alizikumbuka zote, ila mgomba hakuuona. Nyumba yao ya mabati hakuiona. Palikuwa na majengo mawili ya mawe ya ghorofa nne, na nguo za wapangaji zimeanikwa mpaka juu.

"Mama, unatafuta nyumba?" aliuliza mlinzi wa pale, mzee mmoja aitwaye Kyengo. "Imebaki chumba kimoja."

"Natafuta bloku."

"Bloku gani? A ama B?"

Ngendo alitaka kucheka, machozi yakatangulia. "Hapa palikuwa na mgomba," alisema.

"Uui, mama, hiyo ni zamani! Pale kwa tangi la maji? Tulichimba futi sita. Udongo wote ulibebwa na lori, hata sijui ulimwagwa wapi."

Ngendo aliinama, akagusa simiti kwa kiganja. Kisha akarudi Ruiru.

"Uzi uko wapi?" Njau aliuliza.

Alikaa chini, akamwambia yote. Mgomba, tangi, lori, na lile neno "Iko". Njau alichezea pindo la shuka kwa vidole.

"Kwa hivyo ulinizika," alisema mwishowe. "Miaka minne nimezikwa Kiandutu, na mwenyewe sina habari."

"Nisamehe, Baba Wangechi."

"Uliniombea lakini?"

"Niliomba Baba Yetu yote."

"Basi nilizikwa vizuri."

Ngendo hakuweza kucheka. "Daktari alisema bila bloku itabidi atoe nyama nyingine," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa sindano."

Sindano ile wote wawili waliijua. Mara ya kwanza Njau alitoka damu siku tatu, homa ikamlaza wiki nzima, akaapa hatachomwa tena hata kama sindano imeshikwa na malaika.

"Na kama ungeniambia siku ile nilipouliza?"

"Tungeichimbua."

"Tungeichimbua," Njau alirudia. Hakuwa na hasira, na Ngendo aliona afadhali angemgombeza.

Njau alivuta shuka mpaka kifuani. "Mpigie daktari. Mwambie nitakuja nichomwe. Lakini safari hii bahasha nitaishika mimi."

Ngendo alichukua simu. Kabla ya kupiga, aliona sindano zake za kufumia zimelala wazi sakafuni mbele ya mumewe. Akazisukuma kwa mguu, polepole, mpaka chini ya kiti, asizione.