Mkono wa Kulia

Akyaa alikuwa akigeuza fufu, ule ugali wa muhogo na ndizi unaotwangwa, kinuni, mkono ndani, mkono nje kabla mchi haujashuka, vidole vikimwasha kama vimepakwa pilipili. Viganja vilikuwa vimekauka na kupasuka. Kuanzia kifundoni kwenda juu, ngozi yake ilikuwa nzima.

Maame Pokuaa, mwenye banda la chakula, alijua sababu maana aliipika mwenyewe nyuma ya jiko: sabuni ya maji, kostiki tele, ile dawa inayobabua ngozi, na mafuta kidogo, maana alikuwa bahili mkubwa. Akyaa aliioshea vyombo kutwa. Mafundi wa gereji za mtaa wa Suame waliinawia kabla ya kula, nao, watu wenye adabu zao, walinawa mkono wa kulia tu.

Mchana akaingia Bwana Donkor, afisa wa afya, tumbo mbele, adabu nyuma. Alikuja kugonga muhuri kadi za wapishi. Kadi isipogongwa, Akyaa hana kazi.

"Lete mikono." Akaitazama, akarudi nyuma. "Upele huu. Unalala na mbuzi wewe?"

"Nilienda zahanati, Afisa. Nesi kasema upele ungeniwasha zaidi usiku, na dada yangu ninayelala naye angeshaanza kujikuna. Ingekuwa choa, ningeona viduara. Hii imekaa pale tu panapoguswa na sabuni."

"Kwani nesi ndiye anayegonga muhuri?"

Akyaa alimtazama Maame Pokuaa. Mama huyo, aliyemwita mwanangu asubuhi hiyohiyo, akajifanya anatafuta kijiko.

"Mimi kuoga nilimwambia," alisema.

Afisa akairudisha kadi bila muhuri, akaketi ale fufu na supu. Bure, kama kawaida yake. Muda wote alikuwa akijikuna vidole vya mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa laini kama wa bibi harusi. Wanasema upele humpata asiye na kucha. Huyu kapewa vyote viwili, kilichosahauliwa ni akili.

"Wewe, kabla hujaondoka, niletee cha kunawia."

Akyaa akachukua bakuli la sabuni, akampa kwa mkono wa kushoto. Mafundi wakaacha kula, wakageuka kutazama. Kwa kushoto hapewi hata mwizi.

"Unanipa mimi kwa kushoto?"

"Wa kulia una upele, Afisa," Akyaa alisema. "Kama wako."

Fundi mmoja akacheka, kisha akautazama mkono wake. Akyaa alifungua aproni yake, akakiweka juu ya kinu, akaenda zake. Afisa aliapa kwamba atalifunga banda lile. Lakini supu ilikuwa inapoa, akauzamisha mkono wa kulia kwenye sabuni.