Gego la Mchungaji

Siku Mchungaji alipomwondoa dada yake mdogo kwenye darasa la vijana, hakumwita pembeni. Alitangaza mimbarini, mbele ya watu wote, kwamba darasa litapata mwalimu mpya, "maana humu kanisani hatufundishi kwamba babu zetu walining'inia mitini."

Watu wakaangua kicheko. Dada mtu, daktari wa meno, alikuwa safu ya tatu, masikio yanawaka moto. Kosa lake lilikuwa nini? Kijana mmoja alimuuliza kama mtu anaweza kuamini mageuko ya viumbe na bado awe Mkristo. Naye akamjibu, "Mimi ni hivyo hivyo, na kusali nasali." Basi.

Zikapita wiki tano wasisemeshane. Mama yao akipiga simu kuuliza kulikoni, kila mmoja alimwambia hakuna neno, na mama hakumwamini hata mmoja.

Asubuhi moja nesi akachungulia mlangoni, ameubana mdomo ili asicheke.

"Daktari, kuna mgonjwa. Shavu kama ameficha limau zima. Ni Mchungaji."

Akaingia mwenyewe, koti begani, mkono shavuni. Ile sauti iliyotikisa spika za kanisa ilikuwa imebaki kama ya mtu aliyeko ndani ya pipa.

"Mdogo wangu," akasema, "sijalala siku tatu."

Picha ya eksirei ilionyesha kila kitu: gego la mwisho kabisa, chini kulia, limelala kiubavu na kumsukuma mwenzake kama abiria asiye na kiti. Daktari akaeleza kwamba litang'olewa, ila kwanza atumie dawa mpaka uvimbe utulie.

"Hivi kwa nini Mungu anioteshe jino halafu asilitengee nafasi?" Mchungaji akalalamika.

Daktari aliuma ulimi, karibu autoboe. Jibu alikuwa nalo, tena lenye kurasa. Akamwandikia dawa.

Baada ya siku nne Mchungaji alikuwa amelazwa kwenye kiti, taa imemmulika, sindano ya ganzi imeshaingia, mdomo wazi na pamba zimejaa. Nesi alikwenda kuleta glavu. Walibaki wawili, na mmoja wao hakuweza kutamka hata neno "amina".

"Kaka," Daktari akaanza, "uliniuliza kuhusu nafasi. Watu wa zamani sana walikuwa na taya kubwa kuliko zetu. Walitafuna vitu vigumu. Taya zikapungua kidogo kidogo, vizazi kwa vizazi, lakini hili jino—"

"Aaah," akasema Mchungaji.

Daktari alimtazama. Mikono ya kaka yake ilikuwa imeng'ang'ania kiti mpaka vifundo vimepauka, na jicho moja lilikuwa linatoka chozi. Mtu mzima na kipara chake, anaogopa. Moyo ukamshuka. Huyu alinisema mimi sina maikrofoni, akawaza, na mimi namsema hana mdomo. Tofauti yetu iko wapi?

"Nisamehe," akasema. "Tutaongea ukipata mdomo."

Kisha, kama afanyavyo kwa kila mgonjwa tangu siku yake ya kwanza kazini, akafumba macho na kusali chini chini: Bwana, ongoza mkono huu, mpe nafuu mtu wako. Alipofumbua, Mchungaji alikuwa anamkodolea macho. Miaka yote hiyo hakujua.

Gego lilitoka vipande viwili. Mchungaji akaondoka bila kuaga, kwa kuwa hakuweza.

Wiki iliyofuata alirudi kutolewa nyuzi. Zilipotoka, hakuinuka kitini.

"Pale uliposali," akasema, "ulikuwa unamwomba Mungu yupi?"

"Yule yule tuliyefundishwa na mama."

"Na hayo mamilioni yako ya miaka?"

"Ni yake pia. Kaka, jirani yetu ulimhubiria miaka kumi na mitano ndipo akaacha pombe. Ulipata kusema Mungu hakuhusika kwa sababu alichukua muda?"

Mchungaji akacheka, akashika shavu, akaguna.

"Mimi habari ya nyani sijaikubali."

"Sikukuomba ukubali. Ila ulinifukuza mbele za watu, kaka. Hilo liliniuma kuliko gego lako."

Nesi, aliyekuwa anapanga vifaa vilivyokwisha kupangwa, akavipanga tena.

"Nilikosea," Mchungaji akasema. "Nilifukuza swali, na aliyeuliza nikamwacha hivi hivi. Yule kijana hajaja tangu siku ile."

Jumapili akatubu pale pale mimbarini. Hakuwaambia waumini nani yuko sahihi kuhusu Adamu. Aliwaambia alimdhalilisha dada yake na kwamba darasa ni la dada yake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alasiri akamfuata yule kijana nyumbani kwao, wakaja darasani pamoja, wakaketi benchi la nyuma. Kijana akauliza kama roho nayo ilibadilika kidogo kidogo kama taya. Daktari akajikuna kichwa, akasema hapo hajui. Akamgeukia kaka yake.

"Hata mimi sijui," akasema Mchungaji, akavuta benchi mbele.