Pindo la Shati la Arvid

Kwa miaka ishirini na sita Arvid Stensrud aliwaambia wanafunzi wake wa darasa la uwindaji maneno yale yale, akigonga meza kwa kipande cha chaki: yadi mia tatu, basi. Anayepiga zaidi ya hapo, alisema, si mwindaji, ni tarishi anayetuma barua asiyojua itafika lini. Risasi ikiwa bado iko hewani mnyama anapiga hatua moja, na wewe umeshamvunja mguu kiumbe asiye na kosa, akafe kichakani siku tatu baadaye. Mji wote pale chini ya milima ya Montana ulikuwa umepita mikononi mwake, na mji wote ulijua kwamba mzee Arvid hajawahi kukosa.

Ushahidi ulikuwa kambini, ndani ya hema la turubai lenye jiko la kuni, kwenye ubao uliopigiliwa vipande vya nguo. Ukifyatua risasi ukakosa, unasimama mbele ya jiko, Nadine anapima shibiri moja ya mkono wake kutoka chini ya pindo la shati lako, anakata, anaandika jina lako na mwaka, kisha anachukua nyundo. Hakuna rufaa. Nadine alikuwa dada yake Arvid, mpishi wa kambi na mwenye mkasi. Mumewe, Dell Pruitt, alikuwa na vipande saba pale ubaoni, na kila Oktoba kiuno chake kilipigwa na baridi. Hata marehemu Marit, mke wa Arvid, aliacha kimoja cha maua ya bluu. Arvid hakuwa na hata uzi.

Siku hizi hakuogopa tena aibu ya ubao. Aliliogopea shati. Marit alilishona katika majira yake ya mwisho ya baridi hapa duniani, sufu nyekundu nzito yenye miraba myeusi, na alilishona refu hata likakaribia magoti. Arvid alilazimika kulisokota ndani ya suruali mpaka akaonekana ameota makalio ya pili. Tena kule chini, mmoja chini na mwingine juu yake kwa mbali kidogo, kulikuwa na mistari miwili ya mshono wa uzi mweusi isiyoshikilia kitu chochote. Arvid aliamini dawa za ugonjwa wake zilikuwa zimemtia mkewe ukungu machoni, maskini, akawa anashona asipopaona. Hakumwambia mtu. Mara nyingine alipapasa ile mistari kwa kidole. Mkasi uguse pale? Afadhali wamkate sikio.

Asubuhi hiyo ya mwisho wa Oktoba walikuwa mezani, na Dell alikuwa akipanga vifaa vyake kati ya vikombe vya kahawa: kipima umbali, kipima upepo, na simu iliyojaa mahesabu.

"Shemeji, nikuazime kimoja?" Dell alisema, mdomo umejaa mkate wa mdalasini. "Au bado unapima umbali kwa kunusa?"

"Mimi nasogea karibu, Dell. Ndiyo maana nakula nyama na wewe unakula hesabu."

"Msikie huyo! Magoti yenyewe yanalia kama mlango wa ghala."

"Acheni kelele," Nadine alisema, akinyoosha vidole vyake vilivyokauka kwa baridi kuelekea kwenye jiko la kuni. "Marehemu Marit aliwahi kunipima mkono huu, shibiri nzima, gumba mpaka kidole cha mwisho. Nikasema wifi yangu ananishonea glavu. Mpaka leo sijaziona."

"Labda aliona mkono wenyewe akakosa sufu ya kutosha," Dell alisema, akakwepa kijiko.

Arvid alicheka nao, lakini lile la magoti lilimchoma. Lilikuwa kweli, na ukweli huo ulikuwa umemfanya atende dhambi. Mwezi wa nne, katika mji wa mbali ambako hakuna aliyemjua, alikuwa amenunua darubini ya bunduki ya masafa marefu. Juu yake ina kifundo chenye namba: ukikizungusha, tik tik tik, mpaka namba ya umbali, bunduki inaelekezwa juu zaidi ili kufidia jinsi risasi inavyoshuka njiani. Ukimaliza unakirudisha kwenye sifuri. Kiangazi kizima, badala ya kwenda kuvua samaki kama alivyoaga, mwalimu Stensrud alilala kifudifudi nyuma ya machimbo ya zamani ya kokoto akilipiga jiwe lililo yadi mia sita. Alikuwa hodari, na hodari huyo hakuwa na wa kumtambia.

Saa tatu asubuhi alikuwa juu ya mgongo wa mlima, peke yake, theluji ikimfika kwenye vifundo vya miguu. Ng'ambo ya bonde lilisimama elki dume, kulungu wa huku mkubwa kama farasi, pembe zake zikipita miti midogo. Arvid alitoa mfukoni kipima umbali, maana alikuwa nacho hicho pia, mnafiki huyu. Yadi mia sita na arobaini. Akalala, akaegemeza bunduki juu ya mkoba, akazungusha kifundo mpaka namba hiyo. Msalaba wa darubini ukakaa nyuma ya bega la dume, umetulia kabisa.

Kisha akatazama nyasi. Hapa zililala kuelekea kushoto. Ng'ambo kule, vumbi la theluji lilikuwa linakimbilia kulia. Katikati, juu ya mto, nani ajuaye? Upepo wa namna tatu, risasi moja. Kwenye jiwe angefyatua bila kufikiri, kwa sababu jiwe halina utumbo. Arvid alishusha pumzi, akaondoa kidole kwenye kifyatulio, akamwacha dume aende zake.

Jamani, alivyojipenda baada ya hapo! Alikaa juu ya gogo, akamimina kahawa, akatunga hotuba nzima ya darasa la mwakani juu ya mtu mwenye uwezo anayejizuia. Alifika mahali pa hotuba ambapo wanafunzi wanatokwa na machozi, tawi likavunjika mteremkoni chini yake. Dume mwingine, mzuri kuliko yule wa kwanza, alikuwa ametoka msituni akasimama ubavu mzima, hatua mia na hamsini.

Arvid aliangusha kikombe. Alilala vibaya, shingo imepinda, jicho karibu mno na darubini, akafyatua.

Tawi la msonobari lilidondoka nyuma ya dume. Dume aligeuka, akalitazama.

Arvid akakoki, akafyatua tena. Tawi la pili likaanguka. Dume alionekana kushangazwa na mti huo. Risasi ya tatu ilipong'oa gome, dume aliamua kwamba mahali hapo hapafai kwa mtu mwenye heshima zake, akaondoka kwa mwendo wa kawaida tu, bila kukimbia.

Arvid alitazama kifundo. Mia sita na arobaini.

Alisema neno ambalo hajawahi kulisema darasani. Risasi zote tatu zilikuwa zimepita juu ya mgongo wa mnyama, na kule bondeni wenzake walikuwa wamezihesabu. Hata hivyo palikuwa na pa kutokea: angesema alikuwa anajaribu bunduki. Nani angebisha? Akateremka mpaka aliposimama dume, kama alivyofundisha watu maisha yake yote, kuhakikisha. Akazunguka pale mara mbili, ameinama. Hapakuwa na manyoya wala damu. Akamshukuru Mungu, akazunguka mara ya tatu.

Damu. Tone jekundu juu ya theluji, halafu lingine, halafu mfululizo.

Basi moja ilimpata, labda juu ya mgongo, mahali pa mateso ya siku nyingi. Sheria ya kambi ilisema damu ikionekana, filimbi mara tatu, na wote wanakuja, kwa sababu macho ya aliyepiga huona anachotaka. Arvid alishika filimbi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, bila kujielewa, akashika kifundo. Mizunguko miwili tu kirudi sifuri, na siri ingekuwa salama. Lakini Nadine angeuliza risasi imekwenda wapi, na akidanganywa angemtafuta mnyama wa jeraha la mapafu, ambaye hulala karibu, kumbe huyu yuko maili tano mbele na jeraha la mgongo. Arvid alifikiria shati. Alifikiria mikono ya Marit ikishona. Kisha akaachia kifundo, akapuliza filimbi mpaka masikio yakauma.

Walifika wanahema. Dell alitaka kusema kitu, Nadine akamzuia kwa mkono.

"Zimekwenda juu," Arvid alisema. "Nilikuwa nimezungusha kwa mia sita na arobaini. Nikasahau kurudisha. Msiniulize sasa, tafuteni."

Hawakuuliza. Nadine, ambaye hajawahi kushindwa na alama, alifuata damu akiwa amepiga magoti, hatua kwa hatua. Ilikwenda kushoto, ikapinda, ikarudi ilikotoka. Ikazunguka tena.

"Huyu mnyama kachanganyikiwa," Dell alinong'ona.

"Ana miguu miwili," Nadine alisema. "Na kavaa buti." Tone la mwisho lilikuwa limeangukia ncha ya buti la Arvid. Nadine aliinua uso taratibu. "Kaka. Hebu vua kofia."

Juu ya nyusi ya Arvid palikuwa na mkato mzuri wa mwezi mchanga, pale darubini ilipompiga bunduki iliporuka. Kwa baridi na kihoro hakuwa amesikia kitu. Dell alikaa chini kwenye theluji akacheka bila sauti, mabega tu.

"Risasi tatu," alisema alipoweza kupumua, "na aliyejeruhiwa ni mwalimu!"

Hata hivyo Nadine alimfanya afuate nyayo za dume nusu maili, ili wahakikishe. Theluji ilikuwa safi. Arvid alilia kidogo kwa nafuu, akasingizia nyusi.

Mchana walisimama mbele ya jiko. Njiani Arvid alikuwa amekiri yote, na Dell alikwishatangaza kwamba jiwe la machimbo nalo linastahili radhi. Arvid hakujitetea. Alivua kizibao cha rangi ya chungwa, akachomoa shati kutoka kwenye suruali, likateremka na kuteremka.

"Naomba kitu kimoja," alisema, na sauti ikamsaliti. "Kateni polepole. Ni la Marit."

Nadine aliweka kidole cha mwisho kwenye pindo, akanyoosha mkono, akaweka gumba. Akatulia hapo. Akainama, akaangalia, akapima upya.

"Kaka, njoo uone."

Gumba lake lilikuwa limekaa juu ya mshono mweusi, sawasawa kabisa. Nadine alikunja kitambaa: mshono ulikuwa umefungwa pande zote mbili, imara, ili ukikata chini yake nguo isifumuke.

"Hazikuwa glavu," Nadine alisema. "Alinipima mkono kwa ajili yako."

Arvid aliketi juu ya kuni. Macho ya Marit hayakuwa na ukungu wowote. Alikuwa amekaa kitandani, mgonjwa, akimshonea mume asiyekosa shati la kukosea. Arvid alifunika uso, na walipodhani analia waligundua anacheka, halafu wakaona ni yote mawili.

"Kata," alisema. "Kata, dada!"

Mkasi ulipita. Nadine akaandika jina na mwaka, na Dell, kwa adabu ambayo haikuwa yake, akapigilia kipande kile pembeni mwa maua ya bluu. Shati sasa lilimkaa Arvid vizuri zaidi, ingawa bado lilikuwa refu. Nadine alilitazama kwa nyuma, akaweka kidole kwenye pindo jipya, akanyoosha tena shibiri.

Gumba likatua juu ya mshono wa pili.

"Shemeji," Dell alisema, "huyu mwanamke alikujua."