Uzi Si Nguo

Tereza alizijua nyuzi zake kuliko alivyowajua ndugu wa mumewe, na ndugu hao, Mungu awazidishie, walijaa kijiji kizima. Ndani ya sanduku la bati mlikuwa na donge la samawati alilolifumua kutoka sweta la mtumba, mawili ya njano ya kifaranga, jeupe laini alilopewa na masista, na la zambarau ambalo hakuwa na kazi nalo ila kulitazama. Mwaka ule wa themanini na mbili hata sabuni ilipatikana kwa foleni. Lakini mumewe Donatus, aliyekuwa akichimba dhahabu huko Geita, kila alipopata mtu wa kuja upande huu wa Ushirombo alimpa uzi amletee mkewe. Yeye mwenyewe hakuja. Uzi ulikuja.

Na uzi ndio uliokuwa furaha yake, maana furaha nyingine zote zilikuwa nje ya lango. Watoto wake wawili wa kwanza walizaliwa kabla ya siku zao, wote katika mwezi wa saba wa mimba, wote humo humo bomani, na wote hawakuiona jioni. Mimba ya tatu ilipojitokeza, baba mkwe wake, mzee Maganga, hakutaka mchezo. Mzee huyu alikuwa Mkatoliki wa kuchangia kengele ya kanisa, ila Jumapili ikishapita alijua njia ya kwa mganga. Mganga akasema kuna jicho. Basi mke wa Donatus asivuke lango, asichote maji, asionwe na wageni, na juu ya yote asimfumie aliye tumboni hata soksi, kwani kumshonea mtu asiyezaliwa ni kumshonea sanda.

“Na nyuzi zangu, Baba?” aliuliza Tereza.

Mzee alifikiri, akakuna kidevu. “Uzi si nguo,” akahukumu. “Weka tu.”

Ndivyo alivyoishi. Aliziweka, akazipanga, akazipangua, akawafumia watoto wa watu kwa sindano mbili za spoku za baiskeli. Maagizo yalipokelewa langoni na mama mkwe wake, Paskazia, mwanamke wa mwili na wa maneno machache, aliyekabidhiwa ulinzi na aliyekaa pale kutwa nzima na ungo wake wa choroko. Hata inzi hakupita bila yeye kujua. Kila sweta dogo lilitoka langoni. Tereza alibaki.

Sista Euphrasia, mkunga wa hospitali ya misheni ng’ambo ya mto, alishamwambia baada ya msiba wa pili: “Wanao wana haraka. Wa tatu njoo umsubirie hapa hapa. Mwezi wa saba usikukute nyumbani.” Sasa mwezi wa sita ulikuwa unakwisha. Tereza alipiga magoti mbele ya mzee. “Nyumba hii haizalii njiani,” mzee akajibu. Tereza akamgeukia mama mkwe. Paskazia akapepeta choroko zake kana kwamba hakusikia. Tereza akamwandikia Donatus barua, akimsihi aje amtoe. Baada ya wiki mbili majibu yakafika: madonge mawili ya rangi ya chungwa. Tereza aliyakumbatia akalia kwa hasira. Aliogopa. Aliogopa akila, aliogopa akilala, na kila mtoto alipocheza tumboni alimwomba atulie, asiwe na haraka kama kaka zake.

Siku moja saa sita mchana, mzee akiwa uani anakula, Paskazia aliingia kufagia chumba cha mkwe wake. Alitoka ameinua juu kofia nyeupe ya kitoto.

“Hii nimeikuta chini ya godoro,” akasema kwa sauti ya kusikika mpaka zizini. “Ya nani?”

Ilikuwa ya mtoto wa jirani yao Esta, aliyezaliwa juzi. Tereza aliimaliza usiku uliopita, akaificha isishike vumbi. Jibu lilikuwa jepesi hivyo. Alifungua mdomo alitaje jina la Esta, kisha akaufunga.

Maana dawa ya mwiko ule aliijua. Kijiji kizima kiliijua. Nguo ya asiyezaliwa hutolewa na mkono ule ule ulioifuma. Huvushwa mto, huvishwa mtoto ambaye mama yake humjui, na aliyeifuma harudi bomani mpaka ajifungue, asije akairudisha laana. Lakini alijua na upande wa pili. Mtoto huyu akifa, hakuna atakayesema ni mwezi wa saba. Watasema mama yake amemuua kwa sindano. Na katika nchi ile, mwanamke akishaitwa mchawi hapewi nafasi ya kujieleza.

“Ya mwanangu,” akasema Tereza.

Tonge la mzee lilianguka kwenye mboga.

“Umetumaliza!” Paskazia akafoka. Kisha akamgeukia mumewe. “Sasa tufanyeje? Ng’ambo ya mto, watoto tusiowajua mama zao watapatikana wapi kama si kule hospitalini?”

Mzee Maganga akanawa mikono, akaagiza baiskeli iletwe. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Kabla jua halijashuka, Tereza alivuka lango akiwa juu ya keria ya baiskeli, shemeji yake akisukuma, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mtoto alizaliwa siku ya kumi na moja tangu wavuke mto, wa kiume, mwepesi kama jogoo aliyenyonyolewa. Masista walimzungushia chupa za maji ya moto, wakamnywesha maziwa kwa matone, na akakataa kufa. Baada ya miezi miwili Tereza alirudi naye kwa vigelegele. Wakambatiza Leodgar.

Aliyefurahi kupita wote ni mzee. Kanisani na kwenye pombe alihadithia jinsi mganga alivyosema kweli, jinsi mwiko ulivyovunjwa na kutibiwa. Basi Justa, mke wa yule shemeji, ambaye mimba yake ilikuwa na miezi sita na miguu imemvimba kama mihogo, naye alifungiwa. Tena kwake masharti yaliongezwa: hata uzi asiuone. Sanduku la Tereza likapigwa kufuli. Sista Euphrasia alituma ujumbe mara mbili kwamba Justa apelekwe. Mara mbili mzee akakataa.

Usiku na mchana Tereza alimsikia Justa akiugua nyuma ya ukuta, na aibu ilimtafuna. Uongo wake ndio uliomfungia mwenzake. Asubuhi moja alimbeba mwanawe mgongoni, akaenda langoni.

“Shikamoo, Mayu,” akamwamkia mama mkwe wake.

“Marahaba.”

“Mayu, nilidanganya. Ile kofia haikuwa ya mwanangu. Ilikuwa ya mtoto wa Esta.”

Paskazia aliendelea kuchambua choroko.

“Najua,” akasema. “Esta aliagizia kwa nani kama si kwangu? Kamba ya kipimo cha kichwa si mimi niliyekuletea?”

Tereza akakaa chini, kando ya ungo.

“Nilizika wanne katika boma hili,” Paskazia akasema, sauti yake imeshuka. “Mimi nilikuwa mtiifu. Sikuvunja mwiko hata mmoja. Na wewe ulikuwa mtiifu vile vile, unanitazama tu siku zinakwisha. Ningekutoaje?”

Alitazama kule alikokuwa mzee, akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa ufunguo wa kufuli la sanduku.

“Justa hajawahi kushika sindano,” Tereza akanong’ona.

“Basi mfundishe,” akasema Paskazia. “Na fanyeni haraka.”