Mzigo wa Ijumaa

Jumatatu asubuhi Mama Stoo alivuta mlango wa chumba cha baridi, na harufu ikamrukia usoni kama mtu aliyekuwa akimvizia. Akajiziba pua kwa kiwiko. Umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta haikuwashwa, na sasa soseji za kuku zilikuwa zimevimba ndani ya mifuko yao, kreti juu ya kreti. Akapasua mfuko mmoja. Utelezi mweupe ukamganda vidoleni, ukavutika kama makamasi.

Hayo aliyajua. Jumamosi alipita kuangalia, akauwekea mzigo alama nyekundu kwenye mfumo: utupwe. Ulikuwa ule mfumo mpya wa mtandaoni, uliokusanya stoo, mauzo na mishahara ya kiwanda kizima mahali pamoja. Mzigo ukiwa mwekundu, hakuna gari linaloweza kuandikiwa safari. Aliupenda kwa hilo. Kidogo kidogo ugomvi wa stoo juu ya mizigo mibovu ulikuwa umeisha.

Kilichomshtua ni kompyuta. Mzigo wa Ijumaa ulikuwa wa kijani. Umekaguliwa, ni salama. Aliyekagua: jina lake lote, mpaka la babu yake. Na chini ya jina, unakopelekwa: jiko la shule ya bweni.

Akapanda ofisini hivyo hivyo, vidole vikiwa bado vinanata.

Meneja alikuwa mume wa dada yake. Alikuwa mezani anakula mayai, kiini kimemchuruzika mpaka kidevuni, simu imeegemezwa kwenye kikombe.

"Shemeji, karibu. Umeamkaje?"

"Nani amebadilisha mzigo wa Ijumaa?"

"Aa, huo." Akalamba kidole gumba. "Nimeurekebisha jana, tena nikiwa kitandani. Uzuri wa mtandaoni ndio huo, shemeji, mtu hana haja ya kuja kazini."

"Kwa jina langu?"

"Si ulinipa nenosiri mwenyewe siku ya mafunzo? Wakubwa wanaona kila kitu humo. Wakiona mzigo mzima umetupwa, wataniuliza jenereta ilikuwa wapi."

"Ilikuwa wapi?"

Meneja akatazama sahani yake. "Iliazimwa. Kulikuwa na harusi ya rafiki yangu." Kisha akacheka, na Mama Stoo akaona kipande cha yai kimenasa katikati ya meno. "Usinikunjie uso. Zinaoshwa kwa siki, zinaongezwa pilipili. Watoto wa bweni wana matumbo ya chuma."

"Zimeoza, shemeji."

"Kazi hii nilikupa mimi. Dada yako anajua. Sasa nenda kasimamie gari lipakiwe."

Chini, wanawake wawili wa usafi walikuwa wameshaanza. Walisugua soseji ndani ya beseni la siki, wamefunga vitambaa puani. Maji yalikuwa meupe mazito, na juu yake vilielea vipande vya ngozi. Mmoja akamwinulia macho.

"Mama Stoo, kweli umeukagua wewe? Ndivyo tulivyoambiwa."

Mama Stoo alikimbilia mtaro wa nyuma, akatapika chai yote ya asubuhi, akabaki ameshika ukuta, mdomo umejaa uchachu. Mate hayakutosha kuuondoa. Ilikuwa kama jina lake lenyewe limelowekwa kwenye lile beseni.

Aliporudi alikuwa amebeba dumu la dawa ya choo, ile nyeusi ya kunuka lami.

"Tokeni hapo," akawaambia.

Akaimwaga kwenye beseni. Akaingia chumba cha baridi, akapasua mifuko kwa kisu, kreti moja baada ya nyingine, akazimwagia soseji mpaka dumu likakauka. Macho yalimchoma. Wale wanawake walimwangalia kidogo, kisha mmoja akaenda kuleta dumu lingine.

Akaketi mbele ya kompyuta na kuandika kwa kidole kimoja: *Mzigo umeoza. Nimeumwagia dawa ya choo ili usiliwe na mtu. Nimefanya mimi mwenyewe.* Akabonyeza. Kijani kikawa chekundu, mbele ya macho ya wakubwa wote.

Meneja alishuka ngazi huku akipiga kelele tangu juu. "Umenimaliza! Mwanamke huna shukrani!" Alipofika mlangoni, harufu ikamkaba, akaanza kukohoa. Akiwa bado anakohoa, akabofya simu yake. Kwenye kompyuta, mfumo ukamtoa Mama Stoo: akaunti yako imefungwa.

Akavua koti la kazi, akaliacha juu ya kiti.

Hakwenda kwake. Alikwenda kwa dada yake, na kumkuta kibarazani, simu mkononi.

"Umemfanyia nini mume wangu?"

"Nipe sabuni kwanza, dada."

Dada akasita. Kisha akaleta kata ya maji na kipande cha sabuni, akammiminia. Mama Stoo akasimulia huku akisugua: soseji, siki, shule. Dada alisikiliza, uso umeinama.

"Kila nikitaka kuwakaangia watoto soseji za kiwandani," akasema mwishowe, polepole, "ananikatalia. Ananiambia watazoea vya anasa."

Mama Stoo akaacha kusugua.

Simu ya dada, aliyokuwa ameilaza kibarazani, ikaanza kuita: mumewe. Hakuipokea. Akachota maji mengine, akamimina, na povu likateremka kwenye ngazi za kibaraza, jeupe, likitafuta njia kuelekea barabarani.